Gavana, kalamu na kadi yako ya Medicaid: mwongozo kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Kentucky

Tarehe 9 Mei 2013, gavana wa Kentucky wa wakati huo, Steve Beshear, alitangaza kwamba jimbo lake litawafungulia Medicaid watu wazima wenye kipato kidogo ambao zamani hawakuruhusiwa kuipata. Hakupeleka muswada bungeni wala hakusubiri kura. Aliamua kwa mamlaka ya ofisi yake, na ilipofika tarehe 1 Januari 2014 mtu mzima asiye na mtoto, asiye mjamzito wala mlemavu, akawa na haki ya kutibiwa kwa bima ya umma kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kipato chake ni kidogo.

Ikiwa unaishi Louisville, Lexington, Bowling Green au Owensboro na una kadi ya Medicaid, huenda umeipata kupitia mlango huo. Ndugu wengi waliotoka Kongo na Burundi wakapitia kambi za Tanzania, Uganda au Kenya waliikuta bima hii ikiwa tayari ipo, wakadhani ndivyo ilivyo Marekani nzima. Sivyo. Majimbo 10 bado hayajaufungua mlango huo, na mojawapo ni Tennessee, jirani wa Kentucky upande wa kusini. Kijana asiye na mtoto anayefanya kazi ya ghala kwa saa chache anaweza kuwa na bima Bowling Green, akahamia Nashville, mwendo wa saa moja kwa gari, akakosa kabisa.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kanuni za bima hii zinabadilika sana kati ya mwaka 2026 na 2027, na watu wetu ni miongoni mwa watakaoguswa kwanza. Lakini ili ujue la kufanya, ni vizuri kwanza ujue bima yako imesimama juu ya nini. Ipo sehemu inayotokana na sheria ya taifa, ipo inayotokana na uamuzi wa gavana, na ipo inayotegemea wewe kujibu barua.

Gavana alipataje uwezo huo

Medicaid ni bima ya watu wenye kipato kidogo inayolipiwa kwa pamoja na serikali ya taifa iliyoko Washington na serikali ya jimbo. Sheria ya afya aliyoisaini Rais Obama tarehe 23 Machi 2010 ilikusudia kila jimbo liwaingize watu wazima wote wenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini. Tarehe 28 Juni 2012 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba Washington haiwezi kuyalazimisha majimbo kufanya hivyo. Tangu siku hiyo uamuzi ukawa wa kila jimbo.

Anayetoka Kenya au Kongo anaweza kusikia neno gavana akafikiria kiongozi wa kaunti au wa mkoa. Gavana wa jimbo la Marekani ana nguvu za aina nyingine. Jimbo lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na kodi zake, na gavana ndiye mkuu wa wizara zote za jimbo. Hata hivyo hawezi kutumia pesa ambazo bunge halijaziidhinisha, wala kuvunja sheria ambayo bunge limeitunga. Akitaka kutenda peke yake, lazima kwanza apate sheria iliyopo inayomruhusu.

Beshear aliipata. Sheria ya zamani ya Kentucky inasema ni sera ya jimbo kutumia pesa zote za taifa zinazopatikana kwa ajili ya kuwatibu wasiojiweza. Na pesa zilikuwepo: Washington iliahidi kulipa gharama yote ya watu wapya kwa miaka 3 ya mwanzo, kisha kupunguza kidogo kidogo hadi asilimia 90 kuanzia mwaka 2020. Mpinzani mmoja alimshtaki, akidai kwamba gavana amelipita bunge. Septemba 2013 Jaji Phillip Shepherd, katika mji mkuu wa Frankfort, akaamua kwamba gavana hakuvunja sheria.

Jimbo lilikuwa na watu wapatao 640,000 wasio na bima, na serikali ilikadiria kwamba 308,000 kati yao wangeingia Medicaid kwa upanuzi huu. Soko la bima la jimbo, kynect, ambalo nalo Beshear alilianzisha kwa amri yake, lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Waliojitokeza walizidi makadirio. Kwa hesabu za shirika la Gallup, watu wazima wasio na bima Kentucky walikuwa asilimia 20.4 mwaka 2013, na kufikia mwaka 2015 walikuwa asilimia 7.5. Ni majimbo machache sana yaliyoshuka kwa kasi hiyo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi mwema kuliko yote aliyoyafanya Beshear katika miaka yake 8 ya ugavana, na tusiosahau wagonjwa waliokuwa wakisubiri mpaka hali iwe mbaya ndipo waende hospitali tuna haki ya kuusifu waziwazi.

Magavana wengine walipita njia kama hiyo. John Bel Edwards wa Louisiana alisaini amri yake tarehe 12 Januari 2016, siku ya pili tangu aapishwe, na bima ikaanza Julai mwaka huohuo. Bill Walker wa Alaska aliamua peke yake mwaka 2015. Viongozi wa bunge wakaenda mahakamani kumzuia, wakashindwa. Maine, ambako Kiswahili kinasikika Portland na Lewiston, wananchi wenyewe walipiga kura ya kupanua Medicaid Novemba 2017, gavana Paul LePage akakataa kutekeleza, na Janet Mills alipoingia ofisini Januari 2019 akaifanya kuwa amri yake ya kwanza kabisa. Virginia mambo yakawa kinyume: gavana Terry McAuliffe alitaka kulipita bunge mwaka 2014, bunge likaingiza katazo ndani ya sheria ya bajeti, naye akakwama. Watu wa Virginia walisubiri hadi Januari 2019.

Kalamu nyingine inaweza kufuta

Novemba 2015 Wakentucky walimchagua Matt Bevin, aliyekuwa ameupinga upanuzi huo. Alilifunga soko la kynect, watu wakapelekwa kwenye tovuti ya taifa. Kisha akaomba ruhusa Washington ya kuwawekea wenye Medicaid masharti mapya: ada ya kila mwezi, na saa 80 za kazi au huduma ya jamii kila mwezi. Jimbo lenyewe lilikadiria kwamba kwa masharti hayo watu wapatao 95,000 wangepungua katika muda wa miaka 5. Ruhusa ilitolewa Januari 2018. Tarehe 29 Juni mwaka huo Jaji James Boasberg wa Washington akaibatilisha, kwa hoja kwamba serikali haikupima ipasavyo kama mpango huo utawasaidia watu kupata matibabu, jambo ambalo ndilo kusudi la Medicaid.

Kilichofuata kinafaa kukumbukwa na kila mwenye kadi. Mwanzoni mwa Julai 2018, siku chache tu baada ya hukumu, serikali ya Bevin ilisitisha huduma za meno na macho kwa watu wazima karibu 460,000. Watu walifika kwa daktari wa meno na miadi yao mkononi wakaambiwa hawana tena bima hiyo. Huduma zilirudishwa kabla mwezi haujaisha, lakini kila mtu alikwisha kuona jinsi kitu kilichotolewa na ofisi ya gavana kinavyoweza kuchukuliwa na ofisi hiyohiyo, bila kura na bila kukuuliza.

Andy Beshear, mwana wa Steve, alimshinda Bevin Novemba 2019. Tarehe 16 Desemba, akiwa hajatimiza hata wiki moja ofisini, alifuta kwa amri mpango wa masharti ya kazi. Soko la kynect likarudi, na tangu Novemba 2021 ndilo tena soko kamili la bima la jimbo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023 akaongeza huduma za meno, miwani na vifaa vya kusikia kwa watu wazima wenye Medicaid, kwa kutumia kanuni za wizara. Bunge, ambalo wengi wake ni wa chama cha Republican, lilipitisha sheria ya kuzifuta kanuni hizo. Gavana akaipinga kwa kura ya turufu, bunge likaipindua turufu yake, naye akatoa kanuni upya. Baada ya mvutano huo bunge limetunga sheria inayoizuia serikali ya gavana kubadili masharti au manufaa ya Medicaid bila idhini yake. Kwa hiyo usitegemee kwamba gavana ajaye, hata awe na moyo mwema kiasi gani, ataweza kufanya alichofanya Steve Beshear mwaka 2013. Nafasi hiyo imebanwa sana.

Kwako wewe mtumiaji, maana yake ni kwamba kabla ya kwenda kwa matibabu ya meno ya gharama kubwa, au kuagiza miwani, piga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi yako uulize kama huduma hiyo inalipiwa siku hiyo. Usitegemee alichoambiwa jirani mwaka jana.

Kipato chako kinakuruhusu?

Kiwango hubadilika kidogo kila mwaka. Kwa hesabu za mwaka 2025, mtu mzima anayeishi peke yake alistahili ikiwa kipato chake kabla ya makato hakizidi karibu dola 1,800 kwa mwezi. Familia ya watu 4 ilikuwa karibu dola 3,700. Watoto wana kiwango cha juu zaidi: katika familia hiyohiyo ya watu 4, watoto wanaweza kubaki na bima ya jimbo hata kama wazazi wanaingiza karibu dola 5,800 kwa mwezi. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Baba anapata saa za ziada kazini, anaambiwa amevuka kiwango, familia nzima inaacha kutuma karatasi. Kumbe watoto walikuwa bado wanastahili. Mjamzito naye ana kiwango chake kilicho juu ya kile cha watu wazima wengine, na bima yake inaendelea kwa miezi 12 baada ya kujifungua.

Wakati wa kuomba utatakiwa kuonyesha karatasi za mshahara, anwani, namba za Social Security za wanaoomba, na hati za uhamiaji. Maombi hufanyika kwenye tovuti ya kynect, kwa simu namba 1-855-459-6328, au katika ofisi ya idara ya huduma za jamii (DCBS) ya kaunti yako. Kuna pia wasaidizi waliofunzwa wanaoitwa kynector ambao hukujazia fomu bure. Akitokea mtu anayetaka umlipe ili akujazie fomu ya Medicaid, ondoka.

Kipato kinachotazamwa ni cha mwezi unaoomba. Aliyeachishwa kazi juzi anaweza kuomba leo hata kama mwaka jana alipata pesa nzuri. Medicaid haina msimu maalumu wa kujiandikisha kama bima za sokoni. Unaomba mwezi wowote.

Wakimbizi, soma sehemu hii mara mbili

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alisaini sheria kubwa ya bajeti ambayo ndani yake mna mabadiliko mazito ya Medicaid. Hii ni sheria ya taifa. Hakuna gavana wa Kentucky, wa chama chochote, anayeweza kuifuta kwa amri.

Badiliko la kwanza linawahusu wakimbizi moja kwa moja. Kwa miaka mingi mkimbizi aliyepokewa rasmi, au mtu aliyekwisha kupewa hifadhi, aliweza kupata Medicaid tangu siku za mwanzo kama kipato chake kiliruhusu. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 hilo halitoshi tena. Watakaostahili Medicaid kamili inayolipiwa na taifa ni raia wa Marekani, wenye kadi ya ukaaji wa kudumu ambayo wengi huiita grinikadi, na makundi machache sana, kama Wakuba na Wahaiti wa daraja maalumu na watu wa visiwa fulani vya Pasifiki. Mkongomani aliyefika kama mkimbizi na ambaye bado hajapata kadi hiyo hatakuwemo.

Kwa kweli naona hili ni jambo la kuumiza. Tunazungumza juu ya watu ambao serikali hiyohiyo iliwahoji na kuwachunguza kwa miaka kambini, ikawaalika, ikawapandisha ndege. Lakini sheria ndiyo imesema hivyo, na muda uliopo ni wa kujipanga.

La kwanza ni kuangalia tarehe yako ya kuingia Marekani. Sheria inamtaka mkimbizi aombe ukaaji wa kudumu baada ya kukaa nchini mwaka mmoja. Wapo waliotimiza miaka 3 au 4 bila kuomba, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa na fomu ni ndefu. Sasa fomu hiyo imeungana na matibabu yako. Maombi yanaweza kukaa muda mrefu na taratibu za uhamiaji zinabadilika mara kwa mara, kwa hiyo tafuta wakili wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Mashirika yanayopokea wakimbizi, kama Kentucky Refugee Ministries yenye ofisi Louisville na Lexington, yana huduma hiyo. Mtu anayejiita mtaalamu wa makaratasi na hana idhini anaweza kukuharibia kesi kwa kosa moja la tarehe.

La pili ni kujua kwamba kadi ya ukaaji wa kudumu huja na kipengele kingine. Mhamiaji wa kawaida aliyeipata kupitia ndugu au kazi hulazimika kusubiri miaka 5 ndipo aruhusiwe Medicaid. Aliyeipata akitokea hali ya ukimbizi au hifadhi hasubiri miaka hiyo. Karani wa ofisi akikuambia subiri miaka 5, mwonyeshe kwamba uliingia kama mkimbizi. Ndiyo maana ile hati yako ya kwanza ya kuingilia, hata ikiwa imechakaa, usiitupe kamwe. Ihifadhi kwa kuiweka mahali pakavu, na piga picha pande zote mbili.

La tatu ni uraia. Aliyetimiza miaka 5 tangu tarehe ya ukaaji wake wa kudumu anaweza kuomba uraia, na kwa aliyekuwa mkimbizi tarehe hiyo kwa kawaida hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Raia hawaguswi na badiliko hili. Watoto waliozaliwa Kentucky ni raia, na haki yao ya bima haitegemei hati za wazazi. Usimwondoe mtoto wako kwenye Medicaid kwa hofu inayokuhusu wewe.

Wengi huuliza kama kutumia Medicaid kutawanyima kadi ya ukaaji. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wamesamehewa na sheria katika kipimo hicho cha kuwa mzigo kwa serikali. Kwa wengine, muulize wakili kwanza, maana kanuni za eneo hilo hubadilishwa na kila utawala.

Wanaokuja sasa wana hali ngumu zaidi. Msaada maalumu wa matibabu kwa wakimbizi wasiostahili Medicaid, ambao zamani ulidumu miezi 12 tangu kufika, umepunguzwa kuwa miezi 4 tangu Mei 2025. Na bima ya sokoni yenye ruzuku nayo itafungwa mwaka 2027 kwa wakimbizi wasio na ukaaji wa kudumu. Kama umempokea ndugu aliyefika karibuni, mwambie afanye vipimo vyote, chanjo, macho, meno na uchunguzi wa presha na sukari, katika miezi hiyo ya mwanzo.

Saa 80 kwa mwezi

Badiliko la pili linawahusu watu wazima wote walioingia kwa ule mlango wa mwaka 2014, raia na wasio raia, wenye umri wa miaka 19 hadi 64. Ifikapo tarehe 1 Januari 2027 kila jimbo linatakiwa kuwataka waonyeshe kwamba wanafanya kazi, wanajitolea, wako katika mafunzo, au wanasoma angalau nusu ya muda, kwa jumla ya saa 80 kwa mwezi. Anayeingiza angalau dola 580 kwa mwezi anahesabiwa kwamba ametimiza. Jimbo linaweza kuanza mapema, na Washington inaweza kuliongezea muda.

Kwa wengi wetu kazi si tatizo. Ukiwa unashika zamu ghalani au kiwandani unazimaliza saa 80 katika wiki mbili. Hatari iko kwenye kuthibitisha. Arkansas ilijaribu sharti kama hili mwaka 2018, na katika miezi michache watu zaidi ya 18,000 wakapoteza bima. Watafiti walipowafuatilia wahusika, walikuta kwamba karibu wote ama walikuwa wametimiza sharti ama walistahili kusamehewa. Walishindwa kuripoti: hawakuelewa barua, au hawakuwa na intaneti. Fikiria basi barua ya Kiingereza inayomfikia mama wa makamo kutoka Fizi, Kongo, ambaye hajawahi kukaa darasani.

Wanaosamehewa ni wengi, lakini lazima msamaha uandikwe. Wamo mzazi au mlezi wa mtoto mwenye umri wa miaka 13 au chini, anayemtunza mlemavu, mjamzito na aliyejifungua karibuni, na mtu mwenye maradhi makubwa ya mwili, akili au uraibu. Kama una ugonjwa unaokuzuia kufanya kazi, zungumza na daktari wako mapema ili auandike kwenye faili lako. Wanaofanya kazi za kupigiwa simu kupitia mawakala watunze kila karatasi ya malipo. Anayemtunza mama yake mzee nyumbani aandike tarehe na saa.

Tena, kuanzia mwaka 2027 bima ya watu wazima walioingia kwa ule mlango wa mwaka 2014 itahuishwa kila baada ya miezi 6 badala ya mara moja kwa mwaka. Na bima ya kurudi nyuma, ambayo imekuwa ikilipa bili za hadi miezi 3 kabla ya kuomba, itapunguzwa kuwa mwezi 1 kwa kundi hili. Anayesubiri mpaka alazwe ndipo aombe anaweza kubaki na deni.

Barua, mkalimani na usafiri

Serikali ilipoanza tena kuhuisha bima za watu mwaka 2023, baada ya miaka ya korona ambayo karibu hakuna aliyeondolewa, mamilioni ya watu Marekani nzima waliondolewa, na sehemu kubwa kwa sababu ya karatasi ambazo hazikurudishwa, wala si kwa kipato kilichozidi. Tunahama sana, kutoka nyumba moja hadi nyingine, kutoka Louisville hadi Owensboro kufuata kazi, na barua inabaki kwenye sanduku la zamani. Ukihama, badilisha anwani kynect wiki hiyohiyo. Ukibadilisha namba ya simu, fanya vivyo hivyo. Barua yoyote yenye nembo ya jimbo ifunguliwe siku inapofika, na kama kusoma Kiingereza ni shida, usimsubiri mtoto arudi kutoka shule. Piga simu, sema neno moja, "Swahili," kisha subiri. Mkalimani atatafutwa bure.

Haki hiyo ya mkalimani inatokana na sheria ya taifa ya haki za raia ya mwaka 1964 na ile sheria ya afya ya 2010. Hospitali na kliniki zinazopokea pesa za serikali hazipaswi kukutoza mkalimani, wala kukulazimisha umlete mwanao atafsiri habari za mwili wako. Msichana wa miaka 12 hapaswi kuwa mtu wa kwanza kusikia kwamba mama yake ana uvimbe kwenye titi. Kama lugha yako ni Kibembe, Kifuliru au Kinyamulenge, na Kiswahili unakijua kidogo tu, sema hivyo wazi. Mtu akikuuliza "umeelewa?" ukaitikia kwa heshima bila kuelewa, dawa utaimeza vibaya.

Medicaid hulipia pia usafiri wa kwenda kwa daktari kama nyumbani hakuna gari linaloweza kukupeleka. Piga simu angalau saa 72 kabla ya miadi. Wapo wanaolipa teksi kila mwezi kwenda kusafisha damu kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Ukipata barua inayosema bima yako inasitishwa na huafiki, omba rufaa. Tarehe ya mwisho imeandikwa ndani ya barua. Ukiomba kabla ya siku ambayo kusitishwa kunaanza, unaweza pia kuomba bima iendelee mpaka kesi isikilizwe, ingawa ukishindwa unaweza kutakiwa kulipa gharama za muda huo. Tuma kwa maandishi na ubaki na nakala.

Na kwa yule ambaye, pamoja na yote haya, ataikosa bima Oktoba 2026: sheria ya mwaka 1986 inaitaka kila hospitali yenye chumba cha dharura inayopokea pesa za Medicare ikupime na kukutuliza hali yako bila kujali bima, uwezo wa kulipa au hati. Medicaid ya dharura bado italipia dharura na kujifungua kwa mwenye kipato kidogo ambaye amekosa bima kamili kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kwa matibabu ya kila siku kuna vituo vya afya vya jamii, kama Family Health Centers mjini Louisville, ambavyo hutoza kulingana na kipato. Nenda na karatasi zako za mshahara, uombe bei ya kipato. Mwenye presha au sukari ajiandikishe huko kabla dawa zake za mwisho hazijaisha, maana miadi ya kwanza inaweza kuchukua wiki kadhaa.